Jinsi ya kumfundisha mhudumu wa ambulansi kumhudumia mgonjwa anayekata roho

Kila nikimaliza darasa la wahudumu wa ambulansi hapa Kisumu, maswali yanayonifuata hadi getini ni yale yale. Nikiacha kukanda kifua cha mtu mwenye saratani, nitashtakiwa? Nikimkuta mama anakata roho nyumbani kwake Nyalenda, nimbebe au nimwache? Na wale watu waliojaa sebuleni nawaambia nini? Siku hizi maswali hayo yananifikia hata kwa simu kutoka Nakuru, Kakamega na Busia, kwa wakuu wa vituo walioambiwa "fundisha timu yako" bila kupewa hata karatasi moja. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hivyo nimeandika.

Mwongozo huu ni wako wewe utakayesimama mbele ya darasa. Haukufanyi kuwa mtaalamu wa huduma shufaa, yaani ile huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena. Unakuwezesha kuwafundisha watu wanaojua tayari kufunga damu, kufungua njia ya hewa na kukanda kifua. Wanachokosa ni mazoezi ya kuingia nyumba ambayo mtu anafia, na kufungua midomo yao waseme na familia. Ukipewa saa nne tu, tumia tatu kwenye hatua ya 2 na ya 6.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Wanafunzi 8 hadi 12. Wakizidi hapo, wengine watakaa nyuma na simu zao, na hao ndio watakaokwama siku ya kazi.
- Nusu siku mbili, zipishane kwa wiki moja. Siku moja nzima inachosha moyo, na jioni hakuna anayesikia tena.
- Nyumba. Ndiyo, nyumba ya kweli yenye sebule iliyojaa makochi, vitambaa vya kochi, meza ya katikati na korido nyembamba. Ukumbi wa mikutano haukufundishi kupitisha machela kati ya kochi na kabati ya televisheni huku shangazi amekaa mlangoni. Omba nyumba ya mfanyakazi mwenzako kwa siku moja.
- Muuguzi wa hospisi, yaani kituo cha huduma shufaa. Kisumu, Nakuru na Eldoret zote zina hospisi. Piga simu mapema uombe mtu mmoja kwa saa mbili. Ukimkosa, Chama cha Hospisi na Huduma Shufaa cha Kenya (KEHPCA) kinaweza kukuelekeza.
- Maagizo ya kituo chako yaliyoandikwa na kutiwa sahihi: nani anaruhusu kuacha kufufua, daktari gani anapigiwa, dawa gani mhudumu wa kiwango gani anaruhusiwa kutoa. Usianze darasa bila karatasi hii. Ukifundisha watu kuamua bila ruhusa, umewatengenezea kesi.
- Watu wawili au watatu wa kuigiza familia. Usiwatumie wahudumu wenyewe, maana watacheka. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanafaa sana. Hao wameketi kwenye nyumba hizi miaka mingi na wanajua ni nani hulia na ni nani hugombana.
- Godoro, blanketi mbili, mito minne, kikombe, mrija, vitambaa vya shashi, kipande cha kadibodi, taulo za rangi nyeusi, chupa iliyoisha ya mofini (ile dawa kali ya maumivu) uliyoijaza maji, sirinji ya kupimia bila sindano, saa ya ukutani, na bahasha ya kaki yenye karatasi za hospitali zilizochanganyika. Bahasha ni muhimu kuliko unavyodhani.
- Chai ya kutosha.

Hatua 1: Watenganishe wagonjwa watatu

Andika ubaoni mistari mitatu. Wa kwanza ni mtu aliyeanguka ghafla. Wa pili ni mtu ambaye ugonjwa wake umemfikisha mwisho. Wa tatu ameshafariki. Kila simu utakayotolea mfano, wanafunzi waiweke kwenye mstari wake na waseme kwa nini.

Wa kwanza anapiganiwa. Mikono kifuani, mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mashine ya kushtua moyo kama ipo. Kule kuhema kwa kukoroma, kama samaki aliyetolewa majini, kunakomjia aliyeanguka ghafla si kupumua. Lirudie hili hadi wakukasirikie.

Wa tatu ni mwepesi kwa kichwa, mgumu kwa mkono: mwili umekakamaa, damu imeshuka na kuacha madoa ya zambarau upande uliolaliwa, au kuna jeraha lisiloacha nafasi ya uhai. Hapo hakuna cha kufufua. Nimeona kijana akikanda kifua cha mzee aliyekuwa amekakamaa tangu usiku, kwa sababu tu watu dirishani walikuwa wanatazama.

Kazi ya darasa iko kwa wa pili.

Kosa la kawaida: mhudumu akisikia "ana saratani" anamhamishia mgonjwa mstari wa pili papo hapo. Mwenye saratani naye hupaliwa na ugali. Naye hushuka sukari, na hapa kando ya ziwa naye huugua malaria kama jirani yake. Fundisha kwamba sukari hupimwa, njia ya hewa hutazamwa na joto hupimwa kabla ya neno "mwisho" kutajwa. Kijana mwenye selimundu (sickle cell) anayelia kwa maumivu ya mifupa hayumo kabisa kwenye mstari wa pili. Huyo anataka dawa ya maumivu, maji na hospitali, upesi.

Hatua 2: Fundisha dakika mbili za mlangoni

Weka wanafunzi wawili nje na machela na begi. Ndani mweke mgonjwa wa kuigiza kwenye godoro, na familia sebuleni. Waambie wabishe hodi.

Utaona wanachofanya. Wataingia kwa kasi, watapita katikati ya watu bila salamu, watapiga magoti na kuanza kufungua begi. Waache wamalize. Kisha muulize aliyeigiza mke wa mgonjwa alijisikiaje. Mara ya mwisho mama mmoja alijibu, "Nilidhani ni polisi." Darasa lilinyamaza, na tangu hapo sikuhitaji kueleza chochote kuhusu hatua hii.

Sasa warudie. Mmoja aende kwa mgonjwa moja kwa moja, atazame kupumua na mpigo. Mwingine abaki na familia, awasalimie kwa namna ya pale nyumbani, aulize nani ndiye anayemuuguza, kisha aulize maswali haya, kwa mpangilio huu:

"Ni nini kilichotokea hadi mkapiga simu sasa hivi?"
"Juzi na jana alikuwaje?"
"Hospitali waliwaambia nini mara ya mwisho?"
"Yeye mwenyewe, alipokuwa anaongea, alisema anataka nini?"

Swali la kwanza ndilo lenye ufunguo. Mara nyingi familia inajua mtu wao anaondoka. Hawakupiga simu kwa sababu ya kifo. Walipiga kwa sababu ya mkoromo, au ameanza kurusha mikono, au chupa ya dawa imeisha saa tisa usiku. Ukilijua hilo, unajua umeitiwa nini.

Baada ya maswali, toa bahasha ya kaki. Ndani yake changanya kadi za kliniki, risiti, picha za eksirei, barua ya rufaa na ile karatasi moja ya hospisi. Wape dakika moja waitafute. Hawataipata mara ya kwanza. Wafundishe kutafuta karatasi yenye tarehe ya karibuni kwanza, halafu jina la dawa, halafu namba ya simu iliyoandikwa kwa mkono pembeni. Namba hiyo ya kalamu, mara nyingi ya muuguzi wa hospisi, imenisaidia kuliko faili nzima.

Hatua 3: Wafundishe kuusoma mwili

Nadharia hapa iwe fupi. Mtu anayekaribia mwisho hulala saa nyingi, hali, hamezi vizuri, mikono na miguu hupoa, magoti na nyayo hutoka mabaka ya rangi ya zambarau, mkojo hupungua. Pumzi hubadilika: anavuta haraka, anapunguza, ananyamaza, kisha anaanza tena.

Pumzi hiyo usiieleze, iigize. Lala kwenye godoro, mwanafunzi ashike saa, wewe unyamaze sekunde 20. Utasikia mtu akivuta hewa kwa niaba yako. Waambie: kimya hiki ndicho familia imekaa nacho tangu jana jioni.

Kisha chukua kikombe cha maji na mrija, upulize polepole. Huo ndio mkoromo wa mwisho, mate yaliyokaa kooni kwa mtu asiye na nguvu ya kumeza. Unawatisha waliokaa kando kuliko unavyomsumbua mgonjwa, ambaye kwa wakati huo huwa hana fahamu kamili. Wafundishe kuueleza kwa sentensi moja: "Ni mate yamekaa kooni, hawezi kuyameza, haimaanishi anakabwa." Sentensi hiyo waiseme kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aiseme kwa lugha ya nyumbani kwao.

Hatua 4: Mikono ifanye kazi ndogo

Hapa wanafunzi huona kama wamenyang'anywa kazi. Wape kazi.

Mgonjwa anayehema kwa shida, mkalishe nusu wima kwa mito, dirisha lifunguliwe, watu wapunguzwe, na kadibodi ipepee usoni, mashavuni na puani. Upepo usoni hupunguza hisia ya kukosa pumzi. Oksijeni inamfaa aliyepungukiwa oksijeni. Kwa asiyepungukiwa ni kelele na mpira unaokwaruza pua. Mwenye mkoromo, mlaze ubavu, kichwa kikiinama kidogo, mate yatoke yenyewe. Mashine ya kufyonza isiingizwe kooni kabisa. Ifyonze yale yaliyo mdomoni tu, au uache.

Mdomo ulowanishwe kwa kitambaa cha shashi chenye maji safi, midomo ipakwe mafuta. Mpe binti au mke kitambaa afanye yeye. Mtu mwenye kitu cha kufanya hapigi kelele kwako.

Wataulizia dripu, nyumba zote huulizia dripu. Kwa mtu aliye kwenye saa zake za mwisho, maji ya mshipani yanaweza kuongeza mkoromo na uvimbe bila kumpa nafuu. Jibu la kufundisha: "Mwili wake hauwezi tena kuyatumia maji haya. Kiu yake iko mdomoni, tumlowanishe."

Kuna wagonjwa wa saratani wanaoweza kutokwa na damu nyingi ghafla. Ndiyo sababu uliandaa taulo nyeusi. Damu kwenye taulo nyeupe ndiyo picha ambayo mtoto wa nyumba ile atakaa nayo.

Halafu mofini. Waonyeshe chupa. Wengi wamewahi kuisikia tu, na walichosikia ni hofu. Mgonjwa wa mofini ya maji kwa kawaida hunywa kila baada ya saa 4, na huwa ameandikiwa dozi ya nyongeza kwa maumivu yanayochomoza katikati. Mara nyingi utakuta chupa imejaa kabatini kwa sababu mtu wa familia aliambiwa itamuua. Kazi ya mhudumu ni kusoma lebo, kusoma karatasi ya daktari, kupiga simu, na kuisaidia familia kumpa dozi ile ile iliyoandikwa, kwa sirinji ya kupimia, ndani ya shavu kama anaweza kumeza.

Onyo: nguvu ya dawa isomwe kwenye lebo. Isikisiwe kwa rangi wala kwa ukubwa wa chupa. Na mgonjwa aliyepumua vizuri asubuhi, sasa anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, mboni zimekuwa kama ncha ya kalamu na haamki ukimwita, huenda amezidishiwa. Huyo si wa mstari wa pili mpaka daktari aseme hivyo. Na mhudumu asiyeruhusiwa kutoa dawa asitoe. Akishika mkono wa mgonjwa na kupiga simu, amefanya kazi.

Hatua 5: Kumbeba au kumwacha

Waeleze sheria kwanza, kwa kifupi. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwa hiyo mhudumu hana ruhusa ya kusema "huyu hafai kubebwa" na kugeuza gari. Akikaa na mgonjwa, akampunguzia maumivu, akazungumza na daktari na kufuata alichosema mgonjwa mwenyewe, ametoa huduma, mradi aandike.

Sheria yangu darasani ni hii: penye shaka, fufua kwanza, piga simu huku unafufua. Uamuzi wa kuacha ni wa daktari na maagizo ya kituo, si wa mtu aliyechoka saa kumi alfajiri.

Wafundishe simu ya sekunde 40. Mwanafunzi ageuke ukutani akupigie wewe uliyejifanya daktari: "Daktari, niko Nyakach. Mama wa miaka sitini, saratani ya umio, hospisi wanamjua, barua ni ya mwezi uliopita. Hajala siku nne. Pumzi inakatika na kuanza tena, mpigo hafifu, sukari ya kawaida, hana homa. Aliomba abaki nyumbani, mume na mwana mkubwa wamekubali. Mofini ipo. Naomba ruhusa tubaki tumpunguzie maumivu, tusimbebe." Akianza na hadithi ya jinsi gari lilivyokwama Katito, mkatie simu. Arudie.

Wazungumze pia jambo ambalo vitabu havisemi. Kutoka ndani kabisa Nyakach hadi mjini ni mwendo, na mvua ikinyesha uwanda wa Kano unajua mwenyewe. Mgonjwa akifia njiani, anafia kwenye machela, mkanda kifuani, binti yake mmoja tu ndani ya gari na wengine nyuma kwenye bodaboda. Baada ya hapo kuna mochari, na bili yake, na kumrudisha nyumbani kwa gari la kukodi. Familia ina haki ya kulijua hilo kabla ya kuamua. Likiwekwa mezani, likawekwa kwa upole, wakisema bado wanataka hospitali, mbebe bila kununa.

Hatua 6: Neno lenyewe

Hii fundisha asubuhi, watu wakiwa na nguvu.

Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo, nilimwambia mama mmoja wa Manyatta kwa upole wote niliokuwa nao, "Mama, mzee amelala." Akanishukuru. Akaingia jikoni, akarudisha sufuria ya uji kwenye jiko, akasema akiamka atakuwa na njaa. Nilisimama pale nimeshika begi, mwenzangu ananitazama. Ilibidi nimfuate jikoni nimwambie upya, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa mimi ndiye niliyemdanganya.

Kwa hiyo darasani kwangu "amelala", "ametutoka", "ametuacha", "amepumzika" na "tumempoteza" hayaruhusiwi kwenye sentensi ya kwanza. Ni maneno mazuri, na ni ya wenyewe. Wazee wa nyumba watayatumia baadaye wakiwapigia ndugu simu. Ya mhudumu ni "amefariki" au "amekufa". Anayehudumia wazee wasiojua Kiswahili ajue neno la wazi kwa lugha yao, "osetho" kwa Kijaluo kwa mfano, na asikimbilie "onindo", ambalo ni "amelala", kosa lile lile langu la Manyatta.

Marekani kuna mpangilio wa kutoa habari ya kifo uitwao GRIEV_ING, uliotungwa kwa ajili ya madaktari wa vitengo vya dharura kisha ukafundishwa kwa wahudumu wa ambulansi. Sikufundishi herufi zake zote. Ninachokipenda ni ule mstari katikati ya jina. Unawakilisha kimya: ukishasema, nyamaza. Waliotunga waliona kimya kinastahili nafasi yake kama herufi nyingine.

Mazoezi yaende hivi, wawili wawili, kila mtu mara tatu:

"Mama, mimi ni mhudumu wa ambulansi. Wewe ni nani wake?"
"Mimi ndiye mke wake."
"Ungependa nani akae na wewe tukizungumza?"
"Muite shemeji, yuko nje."
(Wote wakae. Mhudumu naye akae. Asiseme akiwa amesimama juu yao.)
"Mama, shemeji, nina habari mbaya. Mzee amefariki. Moyo wake umesimama, na hatukuweza kuurudisha."

Kisha kimya. Ahesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Utaona vidole vikishika kalamu, mguu ukicheza, mdomo ukitaka kueleza mambo ya oksijeni. Mzuie kwa kumgusa bega. Wengi huvunja kimya wakifika saba. Akifika ishirini ndipo aseme "pole sana, mama", na angoje swali. Swali la kwanza karibu kila mara ni "Ningewahi kupiga simu, angepona?" Wafanye mazoezi ya jibu la kweli lisiloumiza: "Ugonjwa wake ulikuwa umefika mwisho. Mlikuwa naye. Hakuwa peke yake." Kama si kweli, wasiliseme. Wakae na swali.

Mpe mwigizaji mmoja ruhusa ya kupiga nduru. Mjini na mashambani, mlio huo ndio taarifa kwa majirani, na mhudumu asiyeuzoea huanza kusema "mama tulia, tulia". Wafundishe kusogea hatua moja, kuondoa jiko na vitu vya ncha kali karibu, na kuacha sauti itoke.

Hatua 7: Mwili na karatasi

Hapa pita upesi, lakini usiruke.

Hakikisha kifo kama maagizo ya kituo yanavyotaka: hakuna mpigo shingoni, hakuna pumzi, mboni hazijibu mwanga, na utazame kwa dakika 5 ukifuata saa. Andika saa. Kufunga macho, kunyoosha miguu, kufunika hadi kifuani: omba ruhusa kwanza. Waislamu, na wako wengi Mumias na Kisumu mjini, watataka kumwelekeza mtu wao kibla, na kabla hajakata roho watataka kumlakinia shahada, yaani kumtamkia tamko la imani ili alifuate. Toa nafasi upande wa kichwa. Wakatoliki watauliza kama padre atawahi na mpako wa wagonjwa. Waumini wa Legio Maria au makanisa ya Roho huenda wakaomba kwa sauti kubwa, na hapo hamna haraka tena.

Kifo cha ugonjwa nyumbani huripotiwa kwa naibu chifu, ambaye ndiye huandikisha vifo vya kijijini, ndipo kibali cha kuzika kipatikane. Kifo cha ghafla kisichoelezeka, cha ajali, cha sumu au chenye jeraha ni cha polisi: usiusogeze mwili, usisafishe, andika ulichokigusa.

Hatua 8: Robo saa baada ya zamu

Gari likirudi, timu ikae na chai kabla ya kuosha machela. Maswali mawili yanatosha: tulifanya nini vizuri, na nini kitatusumbua usiku? Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kumkamua mtu maneno siku ile ile kunaweza kumdhuru zaidi. Mkuu wa zamu amtafute peke yake baada ya siku tatu au nne, hasa kama mgonjwa alikuwa mtoto.

Hatua 9: Wapime mlangoni

Mtihani wa karatasi hauna maana hapa. Wiki ya pili mrudishe kila mmoja kwenye nyumba ile ile, familia mpya, bahasha mpya. Andika ndiyo au hapana: alisalimia? Aliuliza swali la kwanza? Alipima sukari? Alipiga simu chini ya dakika moja? Alisema "amefariki"? Alikaa kimya? Akikosa mawili, arudie siku hiyo hiyo. Rudia zoezi kila baada ya miezi michache, maana maneno haya hushika kutu haraka kuliko mkono.

Mambo yakikwama

Wanacheka wakiigiza. Ni woga. Usiwakemee, badilisha mwigizaji, weka mtu mzima wasiyemjua. Kicheko hukatika akianza kulia kweli.

Mwanafunzi anatoka nje akilia. Kuna aliyezika mama yake mwezi uliopita na hakusema. Siku ya kwanza asubuhi tangaza kwamba yeyote anaweza kutoka bila kueleza, na mpange mtu wa kumfuata. Asirudishwe kuigiza siku hiyo.

Ndugu wawili wanabishana, mmoja anataka hospitali, mwingine anataka abaki. Mhudumu asichague upande. Amuulize kila mmoja mbele ya mwenzake, "Yeye mwenyewe angesema nini?" kisha ampigie daktari simu ikiwa wazi, wote wasikie. Wakishindwa, na mgonjwa hana karatasi wala kauli, anabebwa.

Umati umejaa uani na simu zinarekodi. Obunga na Nyalenda hili ni la kila siku. Dereva, ambaye huwa amesahauliwa kwenye mafunzo, ndiye wa kazi hii: amtafute mzee wa mtaa au jirani anayeheshimiwa, amwombe yeye awasogeze watu. Mhudumu akiwafokea, video itakayosambaa ni ya mhudumu anayefoka. Kwa hiyo mwalike dereva darasani tangu siku ya kwanza.

Daktari hapokei simu. Karatasi ya kituo lazima iwe na namba ya pili na ya tatu. Kama haina, simamisha mafunzo hapo, nenda kwa mkuu wako ukaiombe.

"Wataniita muuaji nikimsaidia kunywa mofini." Mlete muuguzi wa hospisi amjibu yeye, si wewe. Aje na chupa yake na kitabu chake cha dozi, akae naye kando, ampimie mililita moja moja mbele ya macho yake.

Mgonjwa ni mtoto. Usilifundishe hili siku ya kwanza. Likija kama swali, wape jambo moja la kushika: mama asiondolewe mtoto mikononi kwa sababu ya kupima mpigo. Mpigo wa mtoto mchanga hushikwa ndani ya mkono wa juu, na unaweza kushikwa akiwa amepakatwa.